Jibu: Dawa ya Parkinson inagoma baada ya chakula cha mchana

Habari ndugu, pole na kuuguza. Umeuliza kwa nini levodopa, dawa yake ya Parkinson, inamsaidia mzee asubuhi, ila akishakula nyama au maharage mchana anakakamaa tena, na kwa nini asipewe dopamini yenyewe, ile kemikali iliyopungua ubongoni mwake.

Dopamini haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Seli za kuta za mishipa ya huko zimebanana mno. Levodopa hupita, kisha hugeuka dopamini humo ndani, kwa sababu ni asidi amino (aina ya vipande vinavyojenga protini), inabebwa na wabebaji walewale wa asidi amino za chakula. Sasa nyama ikishasagwa, asidi amino zake na levodopa zinagombania mlango mmoja.

Angalia kwanza saa ya kumeza. Wateja wangu huwa nawaambia nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikimsumbua, ndizi au mkate mkavu sawa, maziwa hapana. Protini usimnyime (wengi hukimbilia hapo, mgonjwa anakonda bure), isogezeni jioni.

Soma na boksi: pawe na karbidopa au benserazidi, dawa za kuilinda levodopa. Bila hiyo, levodopa nyingi hugeuka dopamini huko njiani kabla ya kufika ubongoni.

Akikakamaa hata kabla ya kula, siwezi kukisia nikiwa mbali. Mrudishe kwa daktari apime dozi, usimwongezee kidonge mwenyewe.