Doula anayesema atampima mke wangu njia nyumbani: nimlipe?

Swali: Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni wa Mombasa, ila kazi imenileta Doha na likizo yangu haitaangukia siku za uzazi. Mke wangu ana mimba ya wiki 31, ya kwanza. Anakaa Likoni na tumepanga ajifungulie hospitali ya binafsi kisiwani. Mamake anaumwa, hawezi kumsindikiza. Halati yake (dada wa mamake) yupo, lakini mwenyewe anasema akiona damu huishiwa nguvu. Tumeelekezwa kwa doula mmoja, yaani mwanamke wa kukaa na mama wakati wa uchungu, anayetaka shilingi 35,000, nusu alipwe sasa. Anasema uchungu ukianza atakuja nyumbani, awe anampima njia, na wataondoka ikifika sentimita 7 au 8 ili madaktari wasipate nafasi ya kumkimbizia kisu. Je, hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa? Nimuulize nini kabla ya kutuma pesa? Na mimi nitaweza kuwa kwenye simu wakati anajifungua?

Jibu: Marahaba mwanangu. Pesa usitume kwanza.

Nimefanya kazi leba pamoja na madoula, na wale wazuri nikiwaona wanaingia mlangoni moyo wangu hutulia, maana najua mama huyo hatabaki peke yake nikiitwa kitanda cha pili. Lakini huyo uliyemweleza anataka kufanya kazi yangu bila vifaa vyangu. Doula hapimi njia. Hasikilizi mapigo ya mtoto, hachomi sindano, hazalishi. Akivuka hapo amekuwa mkunga asiye na leseni, na wewe ndiye unayemlipa.

Kupima njia ni kuingiza vidole mpaka kwenye shingo ya kizazi. Kila kipimo ni nafasi ya vijidudu kupanda juu, zaidi chupa ikishapasuka. Ndiyo maana hata sisi, uchungu ukishakolea na mambo yakienda sawa, tunapima kila baada ya saa 4 hivi, si kila mama akigeuka. Tena hizo sentimita peke yake hazisemi mengi. Njia inaweza kuwa imefunguka 7 na mtoto amechoka, mapigo yanashuka, na mtu wa nyumbani asijue lolote kwa sababu hana cha kusikilizia.

Halafu kuna bahari. Mtu wa Likoni anapopanga safari ya leba lazima aihesabu feri na foleni yake. Kuna wanawake wanaofika 7 wakakaa hapo saa nyingi, na kuna wanaomaliza zilizobaki upesi hata mkunga anashangaa. Mtoto akitoka foleni ya kivuko, tatizo kubwa laweza kuwa damu. Hospitalini mama huchomwa sindano ya oksitosini mara tu baada ya mtoto kutoka, kwa kawaida ndani ya dakika 1, kizazi kijikaze. Doula hana sindano hiyo mkobani, na akiwa nayo ndiyo mumkimbie kabisa.

Hofu yenu ya kisu siibezi. Mama akija mapema mno, njia ikiwa 1 au 2, huonekana kama uchungu wake hauendi, akawekewa dripu ya kuuongeza, na jambo moja likavuta lingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu kwamba uchungu umekolea kuanzia sentimita 5. Kwa mimba ya kwanza isiyo na matatizo, mkeo anaweza kukaa nyumbani mpaka uchungu uwe unakuja kila dakika 5, unashika kama dakika 1, na umekwenda hivyo saa nzima. Hilo linapimwa kwa saa ya ukutani. Kwa kuwa yuko ng'ambo, mimi ningemwondoa mapema kidogo kuliko wa kisiwani. Na asingoje uchungu wowote akitoka damu, chupa ikipasuka (hasa maji yakiwa ya kijani), kichwa kikimuuma sana au macho yakiwa na ukungu, akipata homa, akipatwa na degedege, au mtoto akipunguza kucheza.

Sasa, doula wa kweli analipwa kwa nini? Analipwa kwa kukaa. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake mwanamke mtumishi. Bibi zetu wa Pwani wangemwelewa haraka, kwa sababu walikuwa na somo, mwanamke wa kumfunda binti na kumshika mkono katika mambo yasiyosemwa mbele za watu. Doula anamkanda kiuno uchungu unapopanda, anamgeuza: mara achuchumae, mara apige magoti akumbatie mto, mara alale ubavu. Anamnywesha maji, anapumua naye, anamkumbusha kwenda haja ndogo (kibofu kilichojaa hukichelewesha kichwa cha mtoto), na baada ya kujifungua anakaa mpaka mtoto ashike titi. Si mambo makubwa. Ila mkunga mwenye akina mama watatu kwa wakati mmoja hawezi kuyafanya, na hofu ina kazi yake mwilini: mama akijawa na woga, homoni za woga huzuia ile oksitosini yake mwenyewe inayosukuma uchungu.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za afya, walikusanya majaribio yaliyohusu wanawake karibu 16,000 katika nchi 17. Waliokaa na mtu mfululizo walielekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, kupasuliwa mara chache zaidi na kutumia dawa chache za maumivu, na uchungu wao ulikuwa mfupi kiasi. Lakini hawakukwepa kisu kwa kujificha nyumbani. Anayekuahidi kwamba mkeo hatapasuliwa anakuuzia kitu ambacho hata mimi sina.

Kuhusu cheti: Kenya, muuguzi na mkunga husajiliwa na Baraza la Wauguzi, na leseni yake unaweza kuiulizia. Doula hana leseni ya namna hiyo. Vyeti vyao hutolewa na mashirika ya mafunzo, na mafunzo yenyewe mara nyingi ni ya siku chache, kwa hiyo karatasi ya ukutani isikutie kiwi. Omba simu za akina mama wawili aliowasindikiza, uzungumze nao. Kisha muulize swali hili moja, maana ndilo linalowachuja: "Mama wa mwisho uliyemsindikiza akapelekwa kisu, wewe ulifanya nini?" Anayejua kazi atakwambia alimtuliza, alimsaidia kuuliza daktari sababu na kama kuna njia nyingine, kisha akamngoja hadi atoke tieta (chumba cha upasuaji). Akianza kukusimulia alivyogombana na daktari, mshukuru ukate simu. Muulize pia kama anatoa dawa za kienyeji au mafuta ya nyonyo ya kuharakisha uchungu. Jibu ni hapana, bila maelezo marefu. Vitu hivyo havina kipimo, na uchungu ukiwa mkali kupita kiasi mtoto hukosa hewa, hata kizazi chaweza kupasuka.

Kabla ya hayo yote mkeo aende mwenyewe leba ya hospitali hiyo, azungumze na mkunga msimamizi, si dada wa mapokezi. Mwongozo wa 2018 unataka kila mama awe na mtu anayemtaka yeye, ila wodi ndiyo yenye mlango. Hospitali nyingi huruhusu mtu mmoja tu, kwa hiyo doula akiingia, halati anabaki nje, na hilo ni vyema lisemwe nyumbani mapema lisije likazua maneno siku ya siku. Aulize kuhusu usiku, na kuhusu tieta. Katika hospitali za umma zenye vitanda vilivyobanana bila pazia msindikizaji hukataliwa mara nyingi kwa ajili ya stara ya wengine, nami siwalaumu. SHA, bima ya afya ya serikali, hulipa hospitali, doula mtamlipa mfukoni.

Mkikubaliana, andikeni. Anakuwa tayari kuanzia wiki ya 38 mpaka ya 42? Anaishi upande gani wa maji? (Doula wa Bamburi na mama wa Likoni watakutana hospitalini, si nyumbani, na hilo si baya.) Siku hiyo akiwa kwa mama mwingine, nani anakuja badala yake, na mkeo amemwona uso? Hospitali ikimzuia mlangoni, au kisu kikipangwa mapema, pesa ngapi zinarudi? Nusu kabla na nusu baada si jambo la ajabu. Nisilolikubali ni malipo bila karatasi.

Jambo moja mbele yako wewe. Doula hasemi kwa niaba ya mkeo, wala wewe kutoka Doha. Mkeo ni mtu mzima, idhini ya upasuaji ni yake na saini ni yake. Mzungumze sasa, mkiwa watulivu, ili siku hiyo asingoje ruhusa yako wakati mtandao umekatika.

Akikosekana doula wa kuaminika, usimdharau halati. Woga wa damu si kizuizi, kwani anayeshika mkono hukaa upande wa kichwa. Mpelekeni pamoja na mkeo kliniki mara mbili tatu, aonyeshwe kukanda kiuno na mikao.

Simu ya video waulizeni mapema, wodi nyingi hazitaki kamera kwa sababu ya wagonjwa wengine. Sauti peke yake huwa rahisi kukubaliwa. Saa za Doha na Mombasa ni zile zile, kwa hiyo hata ikiwa saa tisa za usiku, usije ukasema ulidhani bado ni mapema kupiga.