Maswali Yenu: Kuhama Kampuni Qatar

SWALI: Ni mlinzi hapa Doha, mwaka mmoja na miezi minne sasa. Nimepata kampuni inayolipa vizuri zaidi, lakini msimamizi anasema bila barua ya ruhusa ya kampuni siendi popote. Wenzangu wananishauri nigome kwenda kazini mpaka wachoke waniachie. Nifanyeje?
Mlinzi, Doha

JIBU: Ndugu yetu, usikose kazini hata siku moja. Ukikosa utaripotiwa mtoro, na hapo haki inageuka kesi. Barua anayoizungumzia msimamizi wako iliondolewa na Sheria Na. 19 ya 2020. Kilichobaki ni notisi: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi miaka miwili au pungufu, miezi miwili kwa aliyezidisha. Wako ni mwezi mmoja.

Notisi hiyo huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Kazi. Kumwambia msimamizi kwa mdomo au kwa WhatsApp hakutoshi. Unaambatisha ofa ya kampuni mpya iliyoandikwa kwa Kiarabu. Kagua namba ya kitambulisho chako, QID, tarakimu kwa tarakimu, na tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, kwa kuwa majibu huja kwa ujumbe wa simu. Laini ya kuazima kwa mwenzako wa chumbani itakuponza.

Mwezi wa notisi ufanye kazi kama kawaida, ulipwe kama kawaida. Ukiisha, kampuni mpya inachapa mkataba, mnasaini wote wawili, wizara inauthibitisha, ndipo kampuni inaomba QID mpya Wizara ya Mambo ya Ndani. Usivae sare yao kabla ya hapo, hata wakikubembeleza kwamba lindo liko wazi.

Angalia pia tarehe ya QID. Ikishaisha muda, una siku 90 tu za kuomba kuhama, isipokuwa iliisha kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako. Na anayeondoka nchini bila kutimiza notisi hapewi kibali kingine cha kazi mpaka mwaka upite.

Kwa walio kwenye majaribio: notisi ni mwezi mmoja vilevile, na mwajiri mpya humfidia wa zamani sehemu ya gharama za kuwaleta, isiyozidi mishahara ya msingi ya miezi miwili. Deni hilo ni la mwajiri. Wakilikata kwenye mshahara wako, wamekuibia.

SWALI: Nafanya kazi za nyumbani. Madam ana paspoti yangu na anasema siwezi kusafiri bila kibali chake.
Dada wa Kilifi

JIBU: Pole sana, dada. Tangu Januari 2020 mfanyakazi wa nyumbani hahitaji kibali cha kutoka Qatar, ila lazima amwarifu mwajiri saa 72 kabla. Usiruke hatua hiyo. Unaweza kupoteza tiketi ya kurudi na malipo yako ya mwisho, ambayo ni angalau mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Paspoti ni yako. Sheria Na. 21 ya 2015 inamtaka mwajiri akurudishie taratibu za ukaazi zikikamilika, isipokuwa wewe mwenyewe umeomba kwa maandishi akutunzie. Ndiyo maana wengine huletewa karatasi ya Kiarabu na kalamu siku ya kwanza tu. Usisaini usichoweza kukisoma. Kama ulishasaini, mwandikie leo kwamba unaitaka, na upige picha barua hiyo kabla hujampa.