Maswali ya Wasomaji: Je, Gena Rowlands Alizidisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, juzi nilitazama filamu ya Marekani ya mwaka 1974 iitwayo A Woman Under the Influence, na mwigizaji wake mkuu, Gena Rowlands, hajanitoka akilini. Rafiki yangu anashikilia kwamba mama huyo alikuwa akijibunia maneno mbele ya kamera, na kwamba kwa sababu hiyo wahakiki walimkosoa na Oscar ikampita. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kuhusu Oscar, rafiki yako amesema kweli, kuhusu maneno, amekosea. John Cassavetes, ambaye alikuwa mwongozaji na pia mume wa Rowlands, aliyaandika maneno hayo kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, lakini mkewe alipoyasoma alimweleza kwamba asingeweza kuyabeba mateso ya Mabel, mke mwenye akili inayoyumba ambaye ndiye mhusika wake, usiku baada ya usiku mbele ya hadhira, ndipo kazi ikageuzwa kuwa filamu. Walichoachiwa waigizaji ni namna ya kuyatamka na uhuru wa kwenda watakako, huku mpiga picha akihangaika kuwafuata. Dhana ya kubuni papo hapo imetokana na filamu ya kwanza ya Cassavetes, Shadows, ambayo mwishoni humtangazia mtazamaji kwamba haikuandikwa.

Fedha zenyewe zilipatikana kwa tabu: Cassavetes aliweka nyumba yake rehani, naye Peter Falk, aliyeigiza kama mume wa Mabel, akatoa nusu milioni ya dola. Filamu ilipokamilika hakupatikana msambazaji, ikabidi mwongozaji awapigie simu wenye majumba ya sinema yeye mwenyewe.

Wahakiki hawakuwa na kauli moja. Roger Ebert aliipa nyota zote nne. Pauline Kael wa jarida la The New Yorker, ambaye hakutilia shaka kipaji cha Rowlands, alilalamika kwamba anafanya mambo mengi mno kiasi kwamba hakuna hata moja linalobaki kwa mtazamaji. Rowlands alipata tuzo ya Golden Globe, akateuliwa kuwania Oscar, lakini ikaenda kwa Ellen Burstyn.

Kwa maoni yangu, Kael alikiona kitu chenyewe ila akakihesabu kuwa kosa. Kumbuka asubuhi ile Mabel anapowaandalia tambi wafanyakazi wenzake mumewe waliotoka zamu ya usiku: anawauliza majina, anawasifu, anamng'ang'ania mmoja wacheze dansi, hadi mumewe anamfokea aketi. Anayezidisha hapo ni Mabel, mwanamke anayetaka kupendeza kila mtu wala hajui akomee wapi. Kisha mtazame anaporudi kutoka hospitali baada ya miezi sita, mikono imetulia na sauti imepungua, kana kwamba anaomba ruhusa ya kuvuta pumzi. Kama mbwembwe zile zingekuwa mazoea ya mwigizaji, zisingetoweka kwa utii namna hiyo. (Nakiri kwamba mimi pia nililiona hilo mara ya pili tu.)

Mwaka 1978 tamasha la filamu la Berlin lilimpa Rowlands tuzo ya Dubu wa Fedha kwa Opening Night, ilhali kwao Marekani filamu hiyo haikupata usambazaji wa maana hadi mwaka 1991, Cassavetes akiwa amekwisha kufariki. Uteuzi wa pili wa Rowlands kuwania Oscar ulitokana na Gloria ya mwaka 1980, ambayo, ajabu ya mambo, ilikuwa filamu ya studio kubwa. Oscar ya heshima alipewa mwaka 2015, akiwa na miaka 85, naye alifariki tarehe 14 Agosti 2024.

Ukitaka kuendelea, tafuta hiyo Opening Night. Humo anaigiza mwigizaji wa jukwaani anayekataa nafasi ya mwanamke aliyezeeka, na safari hii ni wahusika wenzake ndani ya filamu wanaomlalamikia kwamba hafuati maneno yaliyoandikwa.