Mahindi yangu yamekataliwa

SWALI: Shikamoo mama. Nalima mahindi Namtumbo. Mnunuzi kayakataa magunia yangu, eti yana unyevu. Mbona punje zinang'aa? – Msomaji, Ruvuma

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Unyevu haupimwi kwa macho. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi na chumvi kavu vijiko viwili, tikisa, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado mabichi. Yaanike tena, juu ya turubai.

Hapo mnunuzi hajakuonea. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukizidi, kuvu huota, na sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hofu hiyohiyo.

Linaloniuma ni kwamba Ruvuma inalisha mikoa mingine, halafu mkulima wake anaanika kando ya barabara bila hata kipimo. Kila chama cha msingi cha ushirika kinastahili kuwa na mashine ya kupimia unyevu. Idai mkutanoni kwenu. Na mtu akikuambia ufidie unyevu kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kataa. Uza kwa mizani.