Nikimpa mwanangu hela ya nyumba nitakatwa kodi?

SWALI: Habari mhasibu, mimi ni mjane niko Uingereza, nataka nimpe mwanangu pauni 60,000 aongezee kwenye nyumba anayonunua, sasa shemeji yangu ananiambia mwisho ni 3,000 kwa mwaka, ikizidi serikali inakata. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, hukatwi na mwanao hakatwi, mpe tu. Hiyo 3,000 shemeji kaisikia kweli ila kaielewa kombo, na wala sio yeye peke yake. Uingereza hakuna kodi ya mzazi kumpa mwanae hela, kinachoangaliwa ni kodi ya urithi, yaani ukifariki ndani ya miaka 7 tangu utoe ndio hela inarudishwa kwenye hesabu ya mali zako. Sasa 3,000 ni ile isiyohesabiwa kabisa hata mtu afe kesho yake (samahani mama, kazi yetu hii tunaongelea vifo tu), na kama mwaka wa kodi uliopita hukuitumia unaibeba, zinakuwa 6,000. Zinazobaki, 54,000, ndio za kusubiri miaka 7.

Na hata usipoifikisha usihofu, pauni 325,000 za mwanzo hazitozwi, na wewe mjane, kama marehemu alikuachia kila kitu basi fungu lake nalo linaweza kuongezwa kwenye lako likafika 650,000. Zawadi ndio inatangulia kula hilo fungu, nyumba na vingine vinafuata, kinachozidi hapo ndio kinapigwa asilimia 40. Utasikia watu wanasema ukivuka miaka 3 kodi inaanza kushuka, ni kweli, ila nafuu hiyo ni ya zawadi zilizozidi fungu lenyewe, yako haifiki huko.

Andika tu mahali tarehe na kiasi, maana siku ya siku atakayeulizwa sio wewe ni watoto. Benki inayomkopesha nayo itataka barua yako kwamba ni zawadi sio mkopo na huna chako kwenye hiyo nyumba.

Ila mama, asije mtu akakushauri umwandikie mwanao na nyumba unayoishi halafu uendelee kukaa humo bure bila kodi ya pango, hiyo hata ipite miaka 20 wataihesabu bado ni yako.