Re: Bakteria anajuaje abaki kifimbo?

Mkuu, umeuliza E. coli, yule bakteria wa utumboni, anajuaje abaki kifimbo na asirefuke tu kama uzi, wakati hana mifupa wala ubongo. Umbo liko kwenye ukuta wake, ni wavu umembana mwili mzima, mwaka 1956 mwanasayansi Lederberg aliwawekea bakteria hawa penisilini, dawa inayozuia ukuta kushonwa, ndani ya maji ya sukari nyingi ili wasipasuke, wakageuka duara kama gololi. Protini inaitwa MreB ndo inawaongoza mafundi wa kushona ukuta mpya ubavuni, kwa hiyo anarefuka bila kunenepa, na kukatika kati wawe wawili ni kazi ya protini nyingine, FtsZ, inajipanga pete pale katikati.

Ila saizi ndo patamu asee. Hasubiri afike urefu fulani, anaongeza kipande kilekile kila kizazi then anakatika. Tuseme kipande ni maikromita 2: aliyezaliwa na 3 anafika 5, watoto wanatoka na 2.5, nao wanafika 4.5, wajukuu 2.25, yaani mdogo mdogo wanarudi kwenye 2 bila mtu kushika rula. Msosi ukiwa wa kutosha na kipande kinaongezeka, ndo maana wa kwenye supu nzito ni mibonge kuliko wale wa njaa.