Jibu: Kwa nini nakala mbili za chapa moja zipishane bei?

Ndugu yangu, umeuliza kama chapa za mandhari za karne ya 19 (picha zinazochapwa kwa wino kutoka bamba lililochorwa) ni nakala tu za michoro ya rangi, na kwa nini nakala mbili za chapa ileile zipishane bei.

Chukua "A Sunset in Ireland" ya Francis Seymour Haden, ya 1863. Hainakili mchoro wa mtu mwingine. Haden, daktari wa upasuaji wa London na shemeji yake mchoraji Mmarekani Whistler, aliichora mwenyewe juu ya bamba la shaba. Ncha kali inapokwaruza shaba moja kwa moja, bila asidi ya kuila mistari, huinua ukingo mwembamba wa chuma kando ya mstari. Ukingo huo ndio unaoshika wino, na miti ikatoka na weusi laini kama mahameli. Uzuri wote uko hapo! Lakini kila bamba likipita kwenye mashine, ukingo unalala na kuchakaa. Nakala za mwanzo zina giza zito. Za baadaye hubaki mistari mikavu. Ndiyo maana bei zinapishana.

Wakati ule chapa nyingi zilikuwa za kunakili kazi za wengine, na kamera ilianza kuinyakua kazi hiyo. Ndipo mwaka 1862, huko Paris, mchapishaji Alfred Cadart akaanzisha Société des Aquafortistes, chama cha wachoraji wa chapa za asidi, ili wasanii wachore mabamba yao wenyewe. Haden aliongoza chama kama hicho Uingereza kuanzia 1880.

Ukitaka kununua, kagua kwanza vivuli vya miti. Uchakavu wa bamba huonekana hapo.